Mwanangu alimaliza darasa la kwanza hajui kusoma, na hatulii hata dakika mbili. Tulichopitia na kilichotusaidia

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni. Nauandika kwa ajili ya mzazi aliyeitwa shuleni wiki hii akaambiwa "mwanao hashiki kitu". Mimi niliitwa mara tatu, na mara zote tatu nilirudi nyumbani nikamchapa. Sitaki wewe ufike huko.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Morogoro mjini. Mwanangu wa pili ni wa kiume, ana miaka 9 sasa, yuko darasa la tatu. Mambo yalianza akiwa awali. Mwalimu alisema ni mtundu tu, akikua ataacha. Ukimtuma chumvi, anafika kwa mafundi baiskeli anasimama kuangalia, anarudi mikono mitupu na hela hajui ameiweka wapi. Ukimwambia "vaa viatu, chukua daftari, funga mlango", unamkuta ameshika kiatu kimoja anamtazama mjusi ukutani. Akikaa, miguu inacheza. Akila, anaizunguka meza. Usiku anakoroma kama mtu mzima, na sisi tulikuwa tunacheka.

Darasa la kwanza lote tuliamini anasoma. Hapa nakaa kidogo, maana ndipo wazazi wengi tunapodanganyika. Watoto wetu wanafundishwa kwa kuitikia: ba be bi bo bu, darasa zima kwa sauti moja. Mwenye kumbukumbu nzuri anaitikia na wenzake mwaka mzima, na hakuna anayejua kwamba macho yake yako dirishani. Wangu alikuwa amekishika kitabu kizima kichwani. Siku moja napindia gauni la mteja, nikamwambia anisomee. Akaanza, "Kaka ana kuku. Kuku wa kaka ni mweupe," anatiririka vizuri kabisa. Nikainua macho. Kitabu kilikuwa kimefunguka ukurasa mwingine, wenye picha ya mtumbwi.

Nikachukua chaki ya kukatia nguo, nikaandika mezani "kaka". Akasema "kuku". Nikaandika "baba". Akaniangalia mimi usoni badala ya kuliangalia neno, akasema, "Dada?" Alivyouliza, kwa sauti ya mtu anayebahatisha ili asichapwe, sijaisahau mpaka leo.

Baada ya hapo tulipoteza miezi minne. Tulimpeleka tuisheni, watoto 30 kwenye kibaraza kimoja, akawa anarudi na daftari limejaa mistari aliyonakili bila kujua imeandikwa nini. Mama mkwe akasema mtoto amechezewa kishirikina, tukaenda kuombewa. Mimi ni mtu wa sala na sijaacha kumwombea, lakini nasema wazi: miezi ile tungeitumia kumpima masikio.

Aliyetufungua macho ni nesi, tena siku hiyo nilikuwa nimempeleka mdogo wake kliniki. Alimwita mwanangu kwa nyuma mara mbili, hakugeuka. Akaniuliza, "Mama, huyu anasikia?" Nikamjibu anasikia sana, ila hataki. Akasema, "Mpeleke akapimwe halafu ndiyo useme hataki."

Daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa alikuta maji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili, na nyama za nyuma ya pua zimevimba. Alitueleza hivi: mtoto mwenye maji hayo anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye ndoo. Sauti anaipata, lakini "ba", "da" na "pa" zinamfikia karibu sawa. Sasa mtu kama huyo utamfundishaje b na d? Na zile nyama ndizo zilizokuwa zinamkoromesha. Mtu mzima asipolala vizuri usiku, mchana anasinzia. Mtoto mara nyingi anafanya kinyume, anachachamaa, anaruka, hasikii la mtu. Mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, wangu hayakukauka. Akafanyiwa upasuaji mdogo.

Kukoroma kuliisha na usikivu ukarudi. Kusoma kulisogea kidogo tu, na kutulia kidogo tu. Tulivunjika moyo. Nesi yule yule akatuambia tuonane na daktari wa afya ya akili ya watoto. Neno "akili" lilimwogopesha mume wangu, akadhani mtoto anapelekwa kwa vichaa. Nilimbembeleza wiki nzima.

Daktari yule hakutumia mashine yoyote. Alituuliza maswali karibu saa mbili, akatupa karatasi moja ya kujaza sisi na nyingine ya mwalimu. Alisema mtoto haitwi mwenye upungufu wa umakini, ule unaofupishwa ADHD, kwa kuwa tu ni mtundu shuleni. Dalili lazima zionekane sehemu mbili au zaidi, zidumu miezi 6 na kuendelea, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na ziwe zinamkwamisha kweli. Za mwanangu zilikuwa hivyo. Pamoja nao akatutajia disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha herufi na sauti kwa mtoto ambaye akili yake ni nzima. Hivi viwili vinatembea pamoja mara nyingi.

Mume wangu akasema haya ni magonjwa ya siku hizi, ya simu na katuni. Daktari hakukasirika. Akamwambia kuna daktari Mskoti, Alexander Crichton, aliandika kuhusu watu wasioweza kutuliza mawazo tangu mwaka 1798. Na mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu, hesabu anaziweza, lakini maneno ya kitabuni yanamshinda. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, yule kijana angekuwa wa kwanza shuleni.

Mume wangu ni fundi magari. Anasikiliza injini ikiunguruma anakwambia ni plagi ya ngapi. Shule aliacha darasa la tano, na mimi miaka yote nilijua ni kwa sababu ya ada. Alinyamaza pale ofisini, halafu akasema, "Huyo ni mimi." Daktari akamwambia inawezekana, vitu hivi vinafuata damu. Tangu siku ile hajamwinulia mtoto mkono.

Sasa nije kwenye tunachofanya nyumbani.

Kubwa kuliko yote, na tulilipata kwa bahati, ni cherehani ya marehemu mama yangu, ya kukanyaga. Nilikuwa siitumii. Jioni moja nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, anakanyaga pedeli huku anajaribu kusoma maandishi ya kwenye mfuko wa unga. Miguu inakwenda, kichwa kimetulia. Nikatoa mkanda, gurudumu la juu lisizunguke, nikaweka kitabu juu. Mtoto ambaye mezani hakai dakika mbili, pale alikaa saba. Siku hizi tunasoma pale pale. Miaka yote nilikuwa namfokea atulize miguu, kumbe miguu ikitulia ndipo kichwa kinapoondoka.

Herufi tulianza upya, sauti kwanza, wimbo baadaye. Nilichukua vizibo vya soda, nikaandika silabi moja kila kizibo kwa kalamu ya wino mzito. Anaokota "ma", anaokota "ji", anavisukuma vikutane, anasema "maji". Hatuimbi ma me mi mo mu kwa mpangilio, maana akijua mpangilio haangalii herufi. Tunavichanganya kwenye bakuli. Kwa b na d tulimwaga mchanga kwenye sinia, akawa anaichora b kwa kidole huku anaitamka. Wiki tatu tulikuwa na herufi mbili tu. Niliona ni ucheleweshaji, lakini b ilipoingia haikutoka tena.

Kwenye kitabu nilikata kipande cha boksi nikatoboa dirisha la upana wa neno moja. Anakisogeza, anaona neno moja tu, mengine yamefichwa. Alikuwa ananiambia "maneno yanasukumana". Na Kiswahili kina bahati yake, kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto kama huyu akishapata silabi anasoma kweli, ila polepole. Kinachomkwamisha ni zile za kubanana: mb, nd, nyw, chw. "Ng'ombe" ilitutesa mwezi mzima, kile kialama cha juu alidhani ni uchafu wa karatasi.

Muda ni dakika 5, anapumzika, anakimbia mpaka kwenye mwembe na kurudi, halafu 5 nyingine. Tunafanya mara tatu, basi. Akiwa anaendelea vizuri nilikuwa na tamaa ya kuongeza, na kila nilipoongeza ilifuata kilio.

Maagizo natoa moja moja. Sipigi kelele kutoka jikoni. Namfuata, namgusa bega, akiniangalia ndipo nasema, naye anarudia nilichosema. Akifanya, namsifia pale pale na nataja jambo lenyewe, "umeweka viatu mahali pake, ahsante". Sifa ya jioni kwa jambo la asubuhi kwake haina kazi. Kulala ni saa mbili na nusu usiku kila siku, kwa umri wake anahitaji saa 9 hadi 12. Simu yangu hailali chumbani kwao.

Naishia hapa kwanza, nina nguo za mteja. Ulizeni, nitarudi.

*Jibu, baba wa watoto wanne, Dodoma*

Pole dada kwa uliyopitia. Lakini tusije tukawadekeza watoto kwa majina ya kitaalamu. Sisi tulichapwa na tukasoma, leo tuna kazi zetu.

*Mleta uzi*

Kaka yangu, nakuheshimu na najua unasema kwa nia njema. Waliochapwa wakasoma tunawaona, wako hapa wanaandika. Waliochapwa wasisome hawawezi kuingia humu kutuambia. Mmoja wao ni mume wangu, na aliogopa kumshikia mwanawe daftari kwa miaka mitatu ili mtoto asijue kwamba baba naye hasomi. Kumwekea mtoto utaratibu sijaacha. Asipomaliza kazi yake hachezi mpira. Fimbo nimeiacha kwa sababu niliitumia miaka miwili na b ilibaki kuwa d.

*Jibu, mwalimu wa darasa la pili, Kahama*

Ahsante mama kwa uzi huu. Naomba niseme upande wetu. Darasa langu lina watoto 94, na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ndiyo kazi yangu yote ya siku. Wanaokwama namna hii ninao kila mwaka, na wengine nawagundua mwezi wa nane. Si kwamba walimu hatujali.

Mzazi ukija na lawama, nitajitetea. Ukija na maombi mawili matatu ninayoyaweza, nitayafanya. Omba mtoto akae mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na mtoto mtulivu. Omba anakili nusu ya kazi ya ubaoni, maana mtoto huyu akinakili mistari kumi anapoteza tisa. Omba nimuulize maswali kwa mdomo. Mimi wa namna hiyo nampa kazi ya kugawa madaftari na kufuta ubao, anapata sababu halali ya kuinuka. Ukipata karatasi ya hospitali, toa nakala niiweke kwenye faili lake, kwa sababu mwakani atakuwa na mwalimu mwingine na nisingependa aanze moja.

Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo ni ya mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kitabuni. Hakuna palipoandikwa achapwe kwa kushindwa kusoma. Na shule ikiwa na mwalimu aliyesomea elimu maalumu, wengi wao wamepitia chuo cha Patandi kule Arusha, mtafute huyo hata kama hafundishi darasa la mwanao. Wana mbinu ambazo sisi wengine tuligusiwa tu chuoni.

*Mleta uzi*

Mwalimu wangu, shikamoo. Hilo la faili sikulijua, naenda kesho. Na la mtoto kupewa kazi ya kuinuka nimelipenda sana.

*Jibu, mama, Nakuru*

Mimi niko Kenya, wangu ni msichana, Gredi ya Tatu. Huku kuna vituo vya tathmini, watu huviita EARC, vilianza mwaka 1984. Unampeleka mtoto, wanamwangalia macho, masikio, na vile anavyojifunza, kisha wanakuandikia ripoti ya kupeleka shuleni. KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, iko Kasarani, Nairobi, lakini usisafiri huko kwanza, uliza ofisi ya elimu iliyo karibu nawe.

Nataka kuongeza jambo moja kuhusu wasichana. Wangu haruki wala hasumbui. Anakaa kimya, anaangalia ubao, na hayuko pale. Mwalimu alimpenda kwa sababu ni mpole. Tulichelewa miaka miwili kwa huo upole. Mwenye msichana mtulivu asiyemaliza kazi asisubiri aanze kuruka ndipo amtazame.

*Jibu, mzazi, Geita*

Wangu alikuwa mzuri tu mpaka alipougua malaria akiwa na miaka 4, akapata degedege, akalala siku tatu hajitambui. Tangu hapo hana utulivu na anasahau. Ndugu wanasema ni mambo ya kijijini. Kuna uhusiano?

*Jibu, tabibu, Mwanza*

Mzazi wa Geita, uhusiano upo. Watoto waliougua malaria ya ubongo walifuatiliwa hospitali ya Mulago, Kampala, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Miaka miwili baada ya kupona, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na tatizo la kufikiri, kukumbuka au kuweka umakini. Kwa hiyo mwanao hakurogwa na wewe hukukosea. Mwambie daktari historia hiyo siku ya kwanza, usingoje aulize, pamoja na siku ngapi hakujitambua.

Kingine kwa wote. Mtoto anayekatika ghafla katikati ya sentensi, anakodoa macho sekunde chache, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea, hilo linaweza kuwa kifafa cha aina ya kuduwaa. Kinaweza kumtokea mara nyingi kwa siku, na darasani kinaonekana kama uzembe. Kina dawa. Mrekodi kwa simu, umwonyeshe daktari. Na kabla ya yote pima macho, masikio na damu. Mtoto mwenye upungufu wa damu au minyoo hawezi kukaa na kitabu.

*Mleta uzi*

Nimerudi, na ahsanteni, nimejifunza mengi hapa. Kuna maswali niliyoulizwa nikaona niyajibu pamoja.

Dawa. Daktari alitueleza kwamba zipo, inayotumika zaidi duniani ni methilifenideti, nayo inawasaidia watoto wengi. Inapunguza hamu ya kula na inaweza kusumbua usingizi, kwa hiyo mtoto anapimwa uzito mara kwa mara. Hutolewa na daktari bingwa tu. Kwa walio chini ya miaka 6, hata madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri wazazi wafundishwe kwanza namna ya kumwongoza mtoto kabla ya kugusa dawa. Sisi tulikubaliana na daktari tujaribu miezi 6 bila dawa, tukaona anasogea, tukaendelea hivyo. Mwingine akiambiwa mwanawe anahitaji, asione aibu. Na tafadhali, zile chupa za "kuongeza akili" zinazouzwa kwenye mabasi msiwape watoto.

Sukari na soda. Nami niliamini ndizo zinazowafanya watoto wasitulie, nikamnyima hata chai tamu. Daktari akasema jambo hilo limepimwa sana tangu miaka ya 1990 na sukari haikuonekana kuwafanya watoto wasitulie. Soda nimepunguza kwa ajili ya meno yake, basi.

Shule za Kiingereza. Dada aliyeuliza kama amhamishe, mimi nilikaribia kufanya hivyo na nashukuru hela haikutosha. Mtoto ambaye "a" ya Kiswahili haijamkaa, unampeleka mahali ambapo herufi ile ile inatamkwa hivi kwenye neno hili na vingine kwenye lile. Kwa maoni yangu amalize kwanza kusoma lugha anayoiota usiku.

Amefikia wapi? Hajawafikia wenzake, nisiwafiche. Anasoma aya moja ya kitabu cha darasa la pili kwa dakika nne hivi, kidole kikiwa kwenye boksi lake. Imla bado anakosa zaidi ya nusu. Hesabu za kichwa anawazidi wengi, namtumia kunihesabia vifungo na kunipigia chenji. Wiki mbili zilizopita baba yake alikaa karibu na cherehani, akamwambia, "Hebu nifundishe hivyo vizibo." Sasa jioni wako wawili, nami nashonea upande wa pili wa chumba nikiwasikiliza. Mtoto ni mkali kwa baba yake kuliko mimi nilivyokuwa kwake. Akikosea anamwambia, "Usibahatishe baba, angalia."

Mdau wa Tabora aliyeuliza kama kutoa mkanda wa cherehani kunatosha, peke yake hakutoshi. Toa na sindano, na ile chuma ya kushikia kitambaa iinue juu, maana vidole vyao havikai mahali pamoja. Kama huna ya kukanyaga, fundi mwenzangu alimfungia wa kwake ukanda wa tairi la baiskeli kwenye miguu miwili ya mbele ya kiti, mtoto anausukuma kwa nyayo huku anasoma. Ukaze sana, la sivyo unafunguka baada ya siku mbili.